Kumpima Mtoto Mdogo Sumu ya Risasi na Kumkinga Nayo: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi wa Dar es Salaam

Neno "risasi" likitamkwa kliniki humshtua mzazi, kwa sababu mawazo yake hukimbilia kwenye bunduki. Ninachokizungumzia hapa ni madini yenyewe, ile metali nzito ya kijivu iliyomo ndani ya betri za magari na katika chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu za wavuvi. Niondoe pia hofu moja mapema: kalamu ya risasi anayoitafuna mtoto wa chekechea haina risasi ndani yake licha ya jina lake, kwani kiini chake ni grafiti. Hatari iko kwenye vitu vingine, na vingi kati ya hivyo huingia nyumbani kupitia mikono ya watu wanaompenda mtoto, jambo ambalo ndilo linalofanya sumu hii iwe ngumu kuishuku.

Watoto wa chini ya miaka 6 ndio walio katika hatari kubwa, na zaidi ya wote ni wale walioanza kutambaa hadi kufikia umri wa miaka 3, kwa kuwa katika kipindi hicho kila wanachokishika hukipeleka mdomoni. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza kwa kiasi cha mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima aliyemeza kiasi kile kile, na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi ya hapo. Ikishaingia katika damu, mwili huidhania kuwa ni kalsiamu na kuihifadhi katika mifupa na meno, ambako hukaa kwa miaka mingi, huku sehemu nyingine ikifika kwenye ubongo ambao bado unajengwa. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama, na madhara yanayoupata ubongo hayarudishwi nyuma na dawa yoyote.

Watoto wengi wenye risasi katika damu hawaonyeshi dalili yoyote. Wanaoonyesha huwa na maumivu ya tumbo, kufunga choo, upungufu wa damu, kukosa hamu ya kula, hasira zisizo za kawaida au kuchelewa kuongea, na mambo haya yote nyumbani kwetu tayari yana majina mengine: minyoo, meno yanayoota, utundu. Degedege na kupoteza fahamu hutokea sumu inapokuwa imezidi sana, na mtoto aliyefikia hapo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Anayesubiri dalili ndipo ampeleke mtoto kupimwa atakuwa amechelewa, na ndiyo maana uchunguzi wa sumu hii huanza kwa maswali.

Maswali yanayotangulia sindano

Swali la kwanza na lenye thamani kubwa kuliko yote ni kazi ya watu wanaoishi na mtoto, na lazima liulizwe mpaka mwisho wake. Katika miaka yangu ya uuguzi kwenye kliniki ya watoto nimejifunza kwamba neno "fundi" huficha mengi. Niliwahi kumuuliza mama mmoja, "Mama Rehema, baba yake anafanya kazi gani?" Akanijibu, "Ni fundi tu, sista." Nikamuuliza fundi wa nini, akasema wa betri. Nikauliza anafanyia wapi, akasema, "Hapo hapo uani, kibarazani." Kama ningeishia kwenye jibu la kwanza, ningempima Rehema uzito, nikamchoma chanjo yake na kumruhusu arudi kwenye uwanja ule ule.

Kazi zinazopaswa kuulizwa waziwazi ni kufungua na kutengeneza betri, kununua na kuyeyusha vyuma chakavu, gereji, kuchomelea vyuma vyenye rangi, kupaka na kukwangua rangi, ufundi wa vifaa vya umeme unaotumia lehemu, uchimbaji na uchenjuaji wa dhahabu, na uvuvi pale mvuvi anapoyeyusha risasi mwenyewe kwa ajili ya chubwi. Kazi hii ya mwisho watu wengi hawaihesabu, wala wavuvi wenyewe hawaioni kuwa ni hatari, kwa kuwa huchukua muda mfupi na hufanyika kwenye jiko la mkaa lile lile linalopikiwa chakula cha jioni. Mvuke wa risasi hauonekani, na vumbi lake hutua juu ya mchanga ambao mtoto atauchezea kesho yake.

Kwa Dar es Salaam swali hili halitoshi kuulizwa kuhusu familia ya mtoto peke yake. Wengi wetu tunaishi nyumba za kupanga, vyumba sita au zaidi vikitazama uani mmoja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Mpangaji wa chumba cha mwisho anayepasua betri nyuma ya choo anawahusu watoto wa vyumba vyote. Kwa hiyo uliza pia jirani anafanya nini, uliza kama karibu na nyumba kuna karakana, gereji au mahali pa kuchoma nyaya, na uliza kama eneo hilo liliwahi kuwa na shughuli hizo kabla ya kujengwa, maana risasi haiozi wala hainyauki. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kutumia petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, lakini ile iliyotoka kwenye moshi wa magari miaka ya nyuma bado inaweza kuwamo katika udongo wa kando ya barabara kubwa za zamani.

Sitaji haya ili kuwatisha watu. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo betri zilikuwa zikipasuliwa na watu wakauchekecha mchanga ili kupata mabaki ya risasi ya kuuza. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha betri alipogundua kwa kipimo cha damu kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na sumu ya risasi, na harakati alizozianzisha zilimpatia tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mombasa si mbali nasi, na betri za huko ni hizi hizi zetu.

Baada ya kazi, uliza kuhusu vitu vya nyumbani. Wanja ni wa kwanza, na hapa pwani unahitaji kuulizwa kwa adabu, kwa sababu anayempaka mtoto mara nyingi ni bibi au shangazi, naye anafanya kwa mapenzi. Wanja wa manga wa jiwe la kusaga unaweza kuwa ni madini ya risasi yenyewe, na katika baadhi ya aina zake risasi huwa zaidi ya nusu ya uzito. Mtoto hufikicha macho, kisha hunyonya vidole. Mimi husema, "Bibi, mjukuu ni mzuri hata bila wanja, tumwache mpaka akue," na sijakutana na bibi aliyekataa alipoelezwa kwa utulivu.

Uliza kuhusu sufuria. Sufuria zinazosubuliwa mitaani kutokana na vyuma chakavu vilivyoyeyushwa pamoja huweza kuwa na risasi, na risasi hiyo huingia kwenye chakula kirahisi zaidi chakula kinapokuwa kichachu, kama mchuzi wa ukwaju, rosti ya nyanya nyingi au achari ya ndimu. Uliza pia kuhusu binzari ya manjano ya unga. Nchini Bangladesh iligundulika kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiitia rangi yenye kromati ya risasi ili ing'ae, na baada ya serikali kukagua na kuadhibu, sampuli za sokoni zenye rangi hiyo zilishuka kutoka asilimia 47 mwaka 2019 hadi sifuri mwaka 2021. Nunua binzari nzima ukaisage mwenyewe, na uitilie shaka ile yenye manjano makali kupita kiasi. Mwisho, uliza kuhusu rangi ya mafuta inayobanduka kwenye milango, nondo za madirisha na kitanda cha mtoto, kuhusu midoli na bangili za bei ndogo anazozitia mdomoni, na kama mtoto, au mama akiwa mjamzito, hula udongo.

Kipimo cha damu

Jibu lolote la "ndiyo" katika maswali hayo ni sababu tosha ya kupima, na mzazi asione haya kuomba. Kipimo hiki hakimo katika ratiba ya kawaida ya kliniki, kwa hiyo ni lazima ukitaje kwa jina: kiwango cha risasi katika damu. Anza kwa daktari wa watoto katika hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, naye ndiye atakayeelekeza sampuli ipelekwe maabara ipi. Kabla ya kupoteza nauli na siku ya kazi, piga simu uulize kama kipimo kinafanyika, gharama yake ni kiasi gani na majibu hutoka baada ya siku ngapi.

Kuhusu umri, nchini Marekani watoto walio katika hatari hupimwa wakiwa na miezi 12 na kisha miezi 24. Kwetu mtoto hurudi kliniki kwa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9 na miezi 18, na kwa maoni yangu ziara ya miezi 9 ndiyo nafasi nzuri ya kuuliza maswali yote, kwa kuwa mtoto ndio kwanza anatambaa na bado kuna muda wa kuiondoa hatari. Damu itolewe anapokaribia mwaka, kisha tena anapofikisha miaka 2. Lakini pale ambapo betri zinapasuliwa uani, usisubiri umri wowote.

Damu huweza kuchukuliwa kwenye kidole au kwenye mshipa. Ya kidoleni ni rahisi kwa mtoto, na kuna mashine ndogo ya mezani inayotoa jibu kwa dakika chache, ila ina udhaifu mmoja mkubwa: vumbi la risasi lililo juu ya ngozi huchanganyika na damu na kupandisha jibu kwa uongo. Kwa hiyo mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, ikaushwe kwa karatasi safi na si kwa kanga ya mama, na baada ya hapo asishike kitu chochote. Kidole kipanguswe kwa spiriti, tone la kwanza lifutwe, na damu iingizwe katika kichupa maalumu cha risasi au chenye kizuia mgando ambacho maabara imethibitisha kuwa hakina risasi. Ikiwa baba ametoka kazini na nguo zake za betri, ni heri mtoto apakatwe na mtu mwingine. Jibu la kidoleni likiwa juu, lithibitishwe kwa damu ya mshipani. Vipimo vya nywele au kucha visikubaliwe badala ya damu, kwa sababu haviaminiki kwa kazi hii.

Kulisoma jibu

Kwanza tazama kizio. Namba hutolewa kwa mikrogramu katika desilita moja ya damu, lakini baadhi ya maabara huandika mikrogramu kwa lita, na hapo unagawanya kwa 10. Nimeona mzazi akilia kwa jibu la 40 ambalo lilikuwa la lita, yaani 4 kwa desilita.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kwa mtoto yeyote mwenye mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kilishusha kiwango chake cha tahadhari hadi 3.5 mwaka huo huo. Kwa mujibu wa kituo hicho, jibu la kidoleni la kati ya 3.5 na 9 lithibitishwe kwa damu ya mshipani ndani ya miezi 3, la 10 hadi 19 ndani ya mwezi 1, la 20 hadi 44 ndani ya wiki 2, na la 45 au zaidi ndani ya saa 48. Kuanzia 45 mtoto anahitaji daktari mwenye uzoefu na huenda akahitaji dawa za kuifunga risasi ili itoke kwa mkojo. Dawa hizo hutolewa kwa uangalizi, tena mtoto akiwa ameondolewa kwenye chanzo, kwani kumpa dawa huku akiendelea kuimeza sumu kunaweza kumwongezea madhara. Mkaa wa hospitali wanaopewa waliomeza sumu haushiki risasi, maziwa hayaifuti, na dawa zozote za "kusafisha damu" zinazouzwa mitaani zisipewe nafasi. Pamoja na kipimo hiki, omba mtoto apimwe wingi wa damu, kwa kuwa upungufu wa madini ya chuma ukitibiwa mwili hufyonza risasi kidogo zaidi.

Kuizuia isirudi

Ambapo mzazi anafanya kazi ya risasi, kinga kubwa kuliko zote ni mpaka kati ya kazi na nyumba. Avue nguo na viatu vya kazi huko huko kazini, anawe mikono na uso, na ikiwezekana aoge kabla ya kumbeba mtoto. Kama kazini hakuna bafu, basi nguo zivuliwe bafuni mara anapofika, kabla hajakaa kitandani, ziwekwe kwenye mfuko wake, zifuliwe peke yake katika beseni lisilotumika kwa nguo za mtoto, na maji yake yamwagwe kwenye karo, si kwenye mchanga wa uani. Asijipulize vumbi la nguo kwa upepo wa kompresa, jambo ambalo mafundi wengi wa gereji hulifanya kila jioni, kwa sababu upepo ule hulirusha vumbi hewani na kulirudisha puani. Betri zisihifadhiwe chini ya kitanda wala kupasuliwa nyumbani kwa namna yoyote. Betri kuukuu iuzwe ikiwa nzima. Najua kwamba anayeipasua anafanya hivyo kwa sababu risasi ya ndani ina bei, na familia inakula kwa bei hiyo. Ndiyo maana naona ni haki kumwambia ukweli wote bila kumlaumu, kisha kumsaidia apate mahali pengine pa kufanyia, mbali na watoto.

Ndani ya nyumba, maji ni rafiki kuliko ufagio. Deki sakafu kwa maji ya sabuni mara kwa mara, futa kingo za madirisha kwa kitambaa kibichi, na nyunyiza maji uani kabla ya kufagia. Mkeka anaochezea mtoto upanguswe na kitambaa kibichi, wala usikung'utwe karibu naye. Mahali penye udongo wazi unaoshukiwa pafunikwe kwa mchanga safi kutoka kwingine, kokoto, saruji au ukoka. Mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, na kucha zake zikatwe fupi.

Rangi ya zamani inayobanduka isikwanguliwe kavu. Tumia msasa wa maji, lowanisha kila unapokwangua, watoto wakiwa wamehamishiwa kwa ndugu mpaka kazi iishe na sakafu idekiwe. Unaponunua rangi mpya, muulize muuzaji kama inatimiza kikomo cha risasi cha sehemu 90 katika milioni, kikomo ambacho Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linakipendekeza, na utazame nembo ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kuhusu maji ya kunywa, kuyachemsha huua vijidudu lakini hakuondoi risasi. Kama bomba ni la zamani, acha maji yaliyolala usiku kucha yatiririke kwanza, ukayatumie kudekia.

Chakula hakitibu sumu hii, ila huipunguzia njia. Tumbo lililo tupu hufyonza risasi zaidi, hivyo mtoto ale mara kwa mara. Dagaa na mtindi humpa kalsiamu. Maharage, choroko, maini na nyama humpa madini ya chuma. Na chungwa, pera au embe humpa vitamini C inayosaidia chuma hicho kufyonzwa. Mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa hofu. Kituo cha Marekani nilichokitaja kinashauri mama asitishe kunyonyesha kwa muda pale tu damu yake mwenyewe inapofikia mikrogramu 40 kwa desilita, na uamuzi huo ufanywe pamoja na daktari.

Mtoto akikutwa na risasi, ndugu zake walio chini ya miaka 6 na watoto wenzake wa uani ule ule nao wapimwe. Hali ya mazingira yenyewe ipelekwe kwa afisa afya wa kata, na kwa baraza la taifa la mazingira, NEMC, ikiwa kuna karakana inayoyeyusha betri katikati ya makazi. Baada ya chanzo kuondolewa, kiwango cha damu hupungua taratibu na huweza kusitasita, kwa sababu mifupa huendelea kuirudisha risasi iliyoihifadhi, kwa hiyo kipimo hurudiwa kwa tarehe atakazopanga daktari. Kila jibu liandikwe kwenye kadi ya kliniki pamoja na tarehe, kizio, na kama damu ilikuwa ya kidoleni au ya mshipani, na pembeni yake iandikwe kazi ya baba au ya jirani iliyotajwa, tena isiandikwe "fundi" peke yake, bali fundi wa nini na anafanyia wapi.